Vijiti Mkononi, Mimba Tumboni

Najua nimekuwa kimya na wengine mmeshaanza kununa. Mnisamehe. Siku za kazi niko kliniki, wikiendi nachukua zamu za ziada wodini, na hapo katikati kuna mtoto, kuna nguo za kufua, na kuna baridi ya Leicester ambayo ukiipa mgongo inakuja kukukumbatia kwa mbele.

Leo naandika mambo ya chumbani. Wajomba wenye aibu wanaweza kuendelea na taarifa ya habari, ingawa ningependa wabaki, maana yanawahusu na wao. Ni habari ya mdogo wangu. Hapa nitamwita Mwanaidi, ambalo si jina lake. Ninyi mnaomjua mtamjua tu, na ninajua kwamba baadhi yenu mmemsema sana. Kabla ya kuandika nilimwomba ruhusa. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Andika dada. Waliosema wasome."

Basi someni.

Ilikuwa Julai 2022. Huku ilikuwa saa tatu na nusu usiku, lakini jua la kiangazi ndiyo kwanza lilikuwa linazama. Kwao Muheza ilikuwa saa tano na nusu, watu wamelala. Nilipoona jina lake kwenye simu nikajua hizi si salamu. Alikuwa anaongea kwa kunong'ona, amejificha nyuma ya banda la kuku.

"Dada, umelala?"

"Bado. Kuna nini?"

"Nina mimba."

Neno la hongera lilinijia mdomoni likakwama hapo hapo. Nikamuuliza, "Na vijiti?"

"Vipo. Navishika hapa."

Hivyo vijiti aliwekwa mwaka 2020, na mshauri wake nilikuwa mimi. Ni vile vya aina ya viwili, vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono na kufanya kazi miaka mitano. Yeye na shemeji walikuwa wameshapata watoto wawili na wakakubaliana wapumzike kidogo, nyumba ifike kwenye bati na yule mdogo aanze shule. Aliponiuliza njia gani ni nzuri, nilimjibu kwa kujiamini kabisa: "Weka vijiti, usahau." Ndiyo maneno niliyotumia. Weka, usahau.

Usiku ule sikumuuliza imekuwaje. Muuguzi ana swali lake la kwanza. Mwanamke akipata mimba ilhali ana vijiti au kitanzi, lazima tuhakikishe kwamba mimba haikutunga nje ya kizazi, maana ikipasuka huko inaua. Nikamuuliza kama tumbo linauma upande mmoja, kama anatokwa na damu, kama anasikia kizunguzungu, kama bega linamuuma. Akasema hapana. Nikamwambia kesho asubuhi, kabla ya kufungua genge, aende hospitali akapigwe picha ya ultrasaundi. Akanijibu, "Sawa dada." Kisha akaniuliza swali jingine ambalo sitaliandika hapa. Hilo lilikuwa langu na lake.

Kesho yake picha ilionyesha mimba ya wiki saba, ndani ya kizazi, moyo unadunda.

Sasa ndipo nikapata nafasi ya kujiuliza imekuwaje. Nililala kitandani nikahesabu kurudi nyuma. Vijiti vya 2020, miaka mitano bado. Uzito wake sawa. Viliwekwa na mtu mzoefu. Nikageuka upande wa pili, na ndipo nikakumbuka Fanta.

Mwezi Aprili mwaka ule ule alinipigia akicheka. Alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu mwezi Machi, baada ya kukohoa kwa wiki nyingi na kukonda. Akaniambia, "Dada, hizi dawa zina vituko, nakojoa Fanta!" Nikacheka naye. Nikamwambia asiogope, ni rangi ya dawa tu, itaisha akimaliza. Nikatuma hela ya mayai na maziwa, nikajiona dada mwema.

Ile rangi ninaijua tangu nikiwa mwanafunzi pale Muhimbili. Ni rangi ya rifampisini, mojawapo ya dawa kubwa za TB. Na ninachofanya na rifampisini kwenye kliniki yangu huku ninakijua pia: mwanamke yeyote akiitaja, nasimamisha kalamu na kuanza kuzungumza naye upya kuhusu njia yake ya uzazi wa mpango. Yaani yote mawili yalikuwa kichwani mwangu. Moja lilikaa kwenye chumba cha kazini, jingine kwenye chumba cha nyumbani, na sikufungua mlango wa katikati.

Naomba niwaeleze taratibu, maana hapa ndipo maneno mengi yalipozaliwa.

Vijiti hutoa homoni kidogo kidogo kila siku. Homoni hiyo hupita kwenye damu ikafanya kazi yake: kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito ili mbegu zisipite, na mara nyingi kulizuia yai lisitoke. Ini nalo lina kazi ya kuvunja homoni ikishatumika. Rifampisini huliamsha ini lifanye kazi kupita kawaida yake. Homoni ikiingia tu, ini linaivunja kabla haijafika kiwango kinachotosha kuzuia mimba. Kwa hiyo vijiti havikuwa vibovu. Dawa ya TB nayo haikuwa mbovu, ilikuwa inamponya mdogo wangu. Kila moja ilifanya kazi yake, ila hakuna aliyeziweka kwenye meza moja na kuuliza kama zinapatana.

Pale alipotibiwa, chumba cha TB hakikuuliza habari za uzazi wa mpango, na chumba cha uzazi wa mpango hakikujua habari za TB. Siwezi kuwalaumu wao peke yao. Mimi nilikuwa na habari zote mbili, na shahada ya uuguzi juu yake.

Sasa turudi nyumbani kwa Mwanaidi. Habari zilipotoka, mama mkwe wake alisema jambo moja tu, nalo likatembea mtaa mzima: mimba na vijiti haviwezi kukaa mwili mmoja, kwa hiyo huyu mwanamke alikwenda kuvitoa kwa siri. Amemtega mume wake. Mume hana kazi ya maana, nyumba imesimama kwenye lenta, ada inadaiwa, yeye anataka kuongeza mtoto ili asiachwe. Wengine wakapita njia nyingine, wakasema mnaona mambo ya dada zao wa Ulaya, wanawashauri wenzao upuuzi. Shemeji mwenyewe hakusema neno. Alihamia kulala sebuleni, na hilo ndilo lililomuumiza Mwanaidi kuliko maneno yote ya mtaani.

Nikampigia shemeji Jumapili mchana. Mnajua ilivyo kumpigia shemeji kumweleza mambo ya kitandani kwake. Nilizunguka mbuyu kama dakika kumi, nikauliza mvua, nikauliza machungwa, nikauliza afya ya wazee.

"Shemeji," nikasema mwisho, "nakuomba kitu kimoja. Mshike mkeo mkono wa kushoto, kwa ndani, juu ya kiwiko."

"Kwa nini?"

"Mshike tu shemeji. Pole pole, kwa kidole."

Nilimsikia akimwita. Nikasikia kiti kikisogezwa. Halafu kimya. Vijiti vile ukivigusa unavisikia chini ya ngozi kama njiti mbili za kiberiti. Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani simu imekatika.

"Vipo," akasema.

"Vipo vyote viwili?"

"Vyote viwili."

Nikamweleza habari ya rifampisini kama nilivyowaeleza ninyi. Nikamwambia kosa si la mkewe, si lake, na kwamba sehemu ya kosa ni yangu. Akafikiri, akaniuliza swali la mtu mzima: "Sasa tulitakiwa tufanye nini?"

Nikamwambia kwamba siku ile alipoanzishiwa dawa za TB, alitakiwa ashauriwe kuongeza au kubadilisha njia. Sindano ya Depo haisumbuliwi na rifampisini, wala kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni kabisa. Na kama angependa kubaki na vijiti vyake kwa muda, basi watumie kondomu kila mara, kwa miezi yote sita ya matibabu na wiki nne za juu yake, kwa sababu hata ukiacha rifampisini ini huchukua muda kurudi katika mwendo wake.

Shemeji akacheka kidogo, kicheko cha uchungu. "Kondomu! Mke wangu wa ndoa! Kwani ni mgeni?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba nina la kuandika.

Ndugu zangu, tumezoea kudhani kwamba njia ya uzazi wa mpango ni moja, kama mume. Ukishachagua umechagua. Ukiongeza ya pili, basi ya kwanza huiamini au mwenzako humwamini. Na kondomu tumeipa jina baya zaidi, tumeifanya kitu cha gesti na cha watu wasiojuana. Mke akiitaja, mume anauliza, "Umesikia nini?" Mume akiitoa mfukoni, mke anauliza, "Umetoka wapi?" Kwa hiyo hakuna anayeitaja.

Lakini usiku tunalala ndani ya chandarua, na mchana tunafukia madimbwi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mwenye kufukia dimbwi hakiamini chandarua chake.

Hebu tuangalie hesabu. Takwimu za Marekani tunazozitumia sana katika kazi hii zinasema hivi. Katika wanawake 100 wanaotumia vidonge kwa mwaka mmoja kama watu wanavyovitumia kweli, pamoja na kusahau kwao, kama 7 hupata mimba. Wakivimeza bila kosa hata siku moja, hafiki hata mmoja. Kondomu ya kiume, kwa matumizi ya kawaida, ni kama 13 katika 100. Ikivaliwa sawasawa kila mara, ni 2. Kumwaga nje, ambako vijana wengi wanakutegemea, ni kama 20. Vijiti na vitanzi viko chini ya mmoja, na ndiyo maana bado ninavisifu.

Sasa wenzi wanaotumia vidonge na kondomu pamoja: ili mimba iingie, inabidi vyote viwili vikosee kwa wakati mmoja. Ukizidisha 7 katika 100 kwa 13 katika 100 unapata chini ya 1 katika 100. Hii ni hesabu ya karatasi, nakiri, kwa sababu mtu anayesahau kidonge Ijumaa ndiye huyo huyo atakayesahau kondomu Ijumaa. Lakini mnaona inakoelekea. Njia mbili za kawaida zikishikana mikono, zinaanza kukaribia zile kubwa. Na kondomu inaongeza kitu ambacho vidonge, sindano, vijiti na vitanzi havitoi kabisa, yaani kinga dhidi ya VVU na magonjwa mengine ya zinaa.

Si kwamba kila mtu lazima atumie njia mbili maisha yake yote. Mwenye kitanzi au vijiti, asiye na dawa nyingine, mwenye mwenzi mmoja ambaye wamepima pamoja, anaweza kukaa na njia yake moja kwa amani. Ninachosema ni kwamba kuna nyakati ambapo njia moja ina tundu, na lazima ujue tundu liko wapi ili uweke kiraka.

Tundu la kwanza ni mwanzoni. Ukianza vidonge vyenye homoni mbili, au sindano, au vijiti, ndani ya siku tano za kwanza za hedhi, kwa kawaida umelindwa tangu siku hiyo. Ukianza siku nyingine yoyote, weka kondomu kwa siku saba. Wanaume wanaofungwa mirija ya mbegu nao wasikimbilie: mbegu zilizobaki njiani huchukua kama miezi mitatu kuisha, na inabidi zipimwe. Mpaka majibu yatoke, endeleeni na njia nyingine.

Tundu la pili ni kusahau na kuugua. Hapa nitawaambia yangu, maana haifai kumwanika mdogo wangu nikabaki nimejifunika.

Mwaka 2019 ugonjwa wa kutapika uliingia wodini kwetu, kama unavyofanya huku kila majira ya baridi. Nikaubeba mpaka nyumbani. Siku mbili nilikuwa nakumbatia ndoo. Wakati huo nilikuwa natumia vidonge. Kidonge ukikitapika ndani ya saa tatu, hesabu kwamba hukukimeza. Na kutapika au kuharisha sana kwa zaidi ya saa 24 ni sawa na siku ulizosahau kumeza. Nilipopona, nikamwambia baba watoto kwamba kwa siku saba zijazo tutatumia kondomu. Akaniangalia kwa muda. "Kuna ugonjwa mwingine huko wodini hujaniambia?" Nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, tena mbavu za mtu aliyetapika siku mbili. Lakini sikumwachia hivyo hivyo. Nilichukua paketi ya vidonge nikamwonyesha: hapa, hapa na hapa, hivi havikukaa tumboni. Akahesabu mwenyewe. Tangu siku hiyo kuna boksi la kondomu kwenye droo pamoja na chaji za simu, na likikaribia kuisha ni yeye anayenunua. Hatulitumii kila siku. Lipo kwa siku zenye tundu.

Tundu la tatu ni dawa nyingine, na hili ndilo lililompata Mwanaidi. Si rifampisini peke yake. Baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni, zina tabia ile ile ya kuliamsha ini. Kwa wanaotumia ARV, efavirenzi ilikuwa ikipunguza nguvu ya vijiti. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegraviri iwe ndiyo dawa ya kwanza, nayo haina shida hiyo. Wapo wanaokunywa mitishamba na kusema hiyo si dawa. Huku Ulaya kuna mmea unaoitwa St John's wort, unauzwa madukani bila cheti kwa ajili ya huzuni, na wenyewe pia hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti.

Na sasa kuna sindano za kupunguza uzito. Najua zimefika mpaka huko, maana kuna mtu (sitamtaja, ila arusi ya Desemba tulimwona) ameniuliza bei. Ile inayoitwa Mounjaro, msije mkadhani ni mlima wetu, hulichelewesha tumbo na inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya kumeza. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa mwongozo kwamba mwenye kuitumia pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango aongeze kondomu kwa wiki nne baada ya kuanza, na wiki nne nyingine kila dozi inapopandishwa. Na haifai kutumiwa na mwenye mimba, kwa hiyo tundu hilo lina hatari mbili.

Jambo moja muhimu: ukigundua kwamba dawa yako iko humu, USIACHE DAWA. Anayeacha dawa za TB au za kifafa au ARV kwa sababu ya uzazi wa mpango anaweza kupoteza maisha. Kinachobadilishwa ni njia ya uzazi wa mpango. Nenda ukaseme.

Halafu kuna vitu vya kuchanganya na vitu vya kutochanganya. Kondomu mbili kwa pamoja, hapana. Zinasuguana na kupasuka. Ya kiume na ya kike kwa wakati mmoja, hapana. Kondomu za mpira na mafuta ya nazi au mafuta ya mgando, hapana, mafuta huoza mpira ule. Tumia kilainishi cha maji. Na P2, jamani, si njia ya pili ya kila wikiendi. P2 ni ya dharura: kondomu imepasuka, unaimeza mapema uwezavyo, ndani ya saa 72. Tena rifampisini huidhoofisha nayo pia. Kwa mwenye kutumia dawa hizo, kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku tano ndicho kinachotegemewa zaidi, na kitaendelea kumlinda kwa miaka baada ya hapo.

Mtaniuliza yaliyoendelea kwa Mwanaidi. Vijiti vilitolewa. Dawa za TB aliendelea nazo hadi mwisho, maana matibabu yale ya kawaida hayakatazwi kwa mjamzito, na TB yenyewe ingemdhuru zaidi yeye na mtoto. Alimaliza Septemba 2022. Genge alilifunga mwezi wa saba wa mimba kwa sababu miguu ilikuwa inavimba, na mpaka leo hajapata mtaji wa kulifungua kama lilivyokuwa. Nyumba ilikaa kwenye lenta mwaka mwingine mzima. Haya nayasema ili mtu asije akaniambia kwamba mtoto ni baraka na mambo yakaisha. Mtoto ni baraka. Alizaliwa Februari 2023, wa kiume, mzima, na sasa anafukuza kuku wa bibi yake uwanja mzima. Lakini mama yake alikuwa na mpango, na mpango wake ulikuwa na thamani, na ulivunjwa na swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza.

Shemeji alirudi chumbani siku ile ile ya Jumapili. Mama mkwe hajaomba radhi. Ila Mwanaidi aliniambia kwamba alipokwenda kuwekewa kitanzi cha shaba baada ya kujifungua, bibi ndiye aliyebaki na mtoto, na aliporudi alimkuta amemwekea chakula chini ya kawa. Kwetu, mnajua, huo nao ni msamaha wa namna yake.

Na mimi? Mimi siku hizi sisemi tena "weka, usahau". Kliniki kwetu, mgeni akikaa tu, namuuliza: unatumia dawa gani, za hospitali, za dukani, za kienyeji, za kuazima kwa jirani? Na ninyi ndugu zangu mkinipigia simu mtanisamehe, baada ya salamu na kabla ya michango ya arusi, nitawauliza swali hilo hilo. Msiseme naingilia. Mara moja sikuingilia, na mnajua gharama yake.

Niwaachie hapo kwa leo, chai yangu imeshapoa. Wasalimieni wote, watoto wasome kwa bidii, na mama mwambieni kanga zilifika, asante sana. Mungu akitujalia tutaonana Desemba.

Dada yenu wa Leicester.